Mashine Bila Watu: Marufuku ya Kompyuta ya 1974 na Akili Mnemba Maofisini Leo

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wanafunzi wangu hucheka kila ninapowasimulia habari hii. Hudhani ni masihara ya mwalimu anayetaka kuwaamsha baada ya chakula cha mchana. Si masihara. Amri ilitolewa, ikatekelezwa, na athari zake zilidumu kwa miaka mingi. Kicheko chao ndicho kilichonisukuma kuandika makala haya, kwa sababu ndani yake mna dhana kwamba viongozi wa wakati ule walikuwa washamba walioogopa mashine, na kwamba sisi tumeerevuka. Naona tunawacheka bila kuwaelewa. Kosa lililowafikisha kwenye amri ile tunalirudia kwa sura nyingine, safari hii tukiwa na akili mnemba mkononi.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500, kutoka kampuni ya Kiingereza ya International Computers and Tabulators, ambayo mwaka 1968 iliunganishwa na nyingine na kuwa ICL. Msomaji kijana asifikirie kompyuta ya mezani. Mtambo wa namna hiyo ulidai chumba chake, ubaridi usiokatika, watoboaji wa kadi, waendeshaji na mafundi. Na zaidi ya wote hao ulimdai mtu anayeweza kukaa na mhasibu, akamsikiliza jinsi vocha inavyotembea kutoka meza hadi meza, kisha akaigeuza safari hiyo kuwa maelekezo ambayo mashine itayafuata bila kukosea. Mtu huyo huitwa mchambuzi wa mifumo. Jamhuri changa, iliyokuwa na wahitimu wachache wa kila fani, haikuwa na watu wa aina hiyo.

Hata hivyo mantiki ya kuinunua ilieleweka. Shughuli za dola zilikuwa zikipanuka haraka kuliko idadi ya makarani waliofuzu. Kama mashine moja ingeweza kufanya kazi ya makarani wengi, kwa nini tungoje kizazi kizima kisomeshwe? Hapo ndipo penye mzizi wa mambo. Kompyuta ya Hazina ilikuja kama dawa ya uhaba wa watu.

Jaribio la kuhamishia mfumo wa hesabu za serikali kwenye kompyuta lilishindwa. Taarifa zilizotoka hazikuaminika, udhibiti wa hesabu ukalegea, na wizara ikalazimika kurudi kwenye mashine za kuhesabia za zamani. Wanazuoni waliochunguza mkasa huu hawakuulaumu mtambo. Walitaja ukosefu wa wachambuzi na waandishi wa programu wazalendo, utegemezi mkubwa kwa wataalamu wa kigeni, na maandalizi hafifu. Aliyewahi kufanya kazi na mtaalamu wa mkataba anaijua hali yenyewe: siku mkataba unapokwisha, mtaalamu hupanda ndege na maarifa yake, na nyuma hubaki kabati la nyaraka ambazo hakuna anayeweza kuzisoma.

Ilipofika 1974 kompyuta nchini zilikuwa saba tu. Ndipo mlango ukafungwa.

Amri ile haikutoka hewani. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mno tangu Oktoba 1973. Ukame wa 1973 na 1974 uliilazimu serikali kuagiza chakula kwa fedha za kigeni ambazo hazikuwapo. Utawala wenyewe ulikuwa katika mtikisiko: Madaraka Mikoani yalikuwa yameanza mwaka 1972, na Operesheni Vijiji ilikuwa ikihamisha mamilioni ya wananchi. Katika hali hiyo, kuendelea kulipia mitambo iliyokwisha kuvuruga hesabu za serikali kungekuwa uzembe. Na tukumbuke kwamba mwezi Novemba mwaka huohuo, katika Azimio la Musoma, TANU iliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe ifikapo 1977. Serikali iliyokataa kompyuta ndiyo iliyoamua kumfundisha kila mtoto kusoma. (Ng'ambo ya pili ya bahari, Zanzibar ilikuwa imekwisha kuzindua televisheni ya rangi mwaka 1973, wakati Bara tulisubiri hadi 1994. Muungano wetu una vichekesho vyake.)

Kwa hiyo siwalaumu kwa kusitisha ununuzi. Ninachowalaumu ni kufunga mlango wa ujuzi pamoja na mlango wa bidhaa. Palipokosekana watu, jibu lilikuwa kuiondoa mashine. Watu wenyewe hawakutafutwa. Ruhusa maalumu zilikuja kutolewa kwa taasisi zilizoweza kuthibitisha haja, na biashara ilipolegezwa kuanzia 1984 na hasa baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 1986, kompyuta ndogo zikaanza kumiminika. Zilikuta nchi isiyo na mwalimu wa kutosha wa kuzifundisha. Sera ya kwanza ya taifa ya TEHAMA ilitoka mwaka 2003, miaka 29 baada ya marufuku.

Linganisha na India, nchi iliyokuwa maskini kama sisi na yenye wivu wa kujitegemea kama sisi. Nao waliminya uingizaji wa kompyuta kwa leseni na ushuru mkubwa. Nao waligombana na wageni: mwaka 1978 IBM ilifungasha virago baada ya kukataa kupunguza hisa zake kama sheria ya nchi ilivyotaka. Lakini tangu 1963 chuo cha teknolojia cha Kanpur kilikuwa na kompyuta ya IBM 1620 na kilikuwa kikifundisha vijana kuiandikia programu, na mafunzo hayo hayakusimama wakati wa ugomvi. Wahindi waliibana mashine wakawaachia watu. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1990, kampuni za Ulaya na Marekani zikihaha kutafuta watu wa kusoma programu zao kuukuu kabla ya mwaka 2000 haujaingia na kuzivuruga tarehe, India ilikuwa nao kwa maelfu. Sisi tulikuwa na semina.

Ndoto ya mashine itakayotuondolea adha ya kutafuta watu ni ya zamani kuliko Hazina yetu. Lugha ya FORTRAN ilipotolewa na IBM mwaka 1957, njia hiyo ilisifiwa kuwa ni uandishi wa programu unaojiendesha. COBOL, iliyobuniwa 1959, iliundwa ifanane na Kiingereza cha ofisini ili hata meneja aweze kuisoma. Miaka michache baadaye, Oktoba 1968, wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, chini ya udhamini wa NATO, wakakiri kwamba dunia ilikuwa katika janga la programu: miradi inachelewa, inazidi bajeti, inaharibika, na watu wenye uwezo hawatoshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 James Martin aliandika kitabu kizima kuhusu kuunda mifumo bila waandishi wa programu. Kila mara zana mpya ilirahisisha kweli sehemu ya kazi, na kila mara kazi iliongezeka kuliko ilivyorahisishwa, kwa kuwa kitu kikishakuwa rahisi kila mtu hukitaka. Idadi ya waandishi wa programu duniani haikupungua hata kidogo.

Kazi ya ulinzi wa mifumo imefuata njia hiyo pia, lakini yenyewe ina tabia moja ya kipekee: adui hubadilika. Leja haipangi njama dhidi ya mhasibu, na daraja halibuni mbinu za kumdanganya mhandisi, ilhali mlinzi wa mtandao anashindana na binadamu mwenzake aliyekaa upande wa pili, mwenye subira, na mara nyingi mwenye mshahara mzuri zaidi. Ndiyo maana kazi hii haikomi kudai watu hata zana ziwe bora namna gani.

Usiku wa tarehe 2 Novemba 1988, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell aitwaye Robert Tappan Morris aliachia mtandaoni programu inayojinakili. Kompyuta zilizounganishwa na intaneti wakati ule zilikadiriwa kuwa 60,000. Takribani 6,000 zilielemewa. Kilichotokea baadaye kinapendeza kwa mwanahistoria. Marekani haikununua mtambo mpya. Mwezi huohuo ilianzisha kituo cha watu katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mahali ambapo mtu akipiga simu usiku atapokewa na anayejua la kufanya. Kituo hicho, CERT, ndicho kilichozaa jina linalotumiwa hadi leo na vituo vya kitaifa duniani kote, kikiwamo TZ-CERT chetu kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Somo hilo la mwanzo lilisahauliwa kadiri soko la zana lilivyonona. Mwishoni mwa mwaka 2013, kampuni ya maduka ya Target ya Marekani iliibiwa taarifa za kadi za benki milioni 40 za wateja. Kampuni ilikuwa imekwisha kununua mfumo ghali wa kung'amua programu hasidi, na mfumo ulifanya kazi yake: ulipiga king'ora. Wachunguzi wake walioko Bangalore walikiona, wakatoa taarifa makao makuu Minneapolis, na huko hakuna aliyechukua hatua kwa wakati. Mkurugenzi mtendaji aliacha kazi Mei 2014. Fedha za kununua king'ora zilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu mwenye muda, ujuzi na mamlaka ya kusema: zima seva hii sasa.

Kisha kuna Benki Kuu ya Bangladesh, mkasa ambao kila Afisa Masuuli wa Afrika Mashariki angepaswa kuusoma. Alhamisi usiku, tarehe 4 Februari 2016, wezi waliokwisha kujipenyeza kwenye kompyuta za benki hiyo walituma maagizo 35 kwenda Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya New York, wakitaka dola milioni 951 zihamishwe kutoka akaunti ya Bangladesh. Walichagua siku kwa hesabu. Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko Dhaka. Jumamosi na Jumapili ni mapumziko New York. Printa iliyokuwa ikichapa kumbukumbu za miamala ilikuwa haifanyi kazi, na waliofika zamu ya Ijumaa walidhani imeharibika tu, kama printa zinavyoharibika. Maagizo matano yalipita, jumla yake dola milioni 101. Dola milioni 81 zilifika Manila na nyingi zikapotelea kwenye kamari.

Dola milioni 20 nyingine zilikuwa zikielekea Sri Lanka kwenye akaunti ya wakfu fulani. Wezi walikosea herufi za neno la Kiingereza lenye maana ya wakfu. Badala ya "foundation" wakaandika "fandation". Benki ya Ujerumani iliyokuwa njiani ikashuku na kuuliza. Fedha zikarudi.

Turudi kidogo kwenye kosa hilo la tahajia. Kwa miaka mingi, kwetu pia, lugha mbovu ilikuwa mlinzi wetu asiyelipwa. Barua pepe ya tapeli kutoka mbali ilijulikana kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: ngeli zimepishana, maamkizi ya ajabu, jina la benki limekosewa. Tapeli aliyetudhuru ni yule wa hapahapa, mwenye ule ujumbe mashuhuri wa kututaka ile pesa tuitume kwenye namba hii, kwa sababu yeye alijua lugha na alijua kwamba kuna pesa ambayo kila mmoja wetu anatarajiwa kuituma mahali fulani. Tangu ChatGPT ilipotolewa tarehe 30 Novemba 2022, tofauti kati ya tapeli wa mbali na wa karibu inafutika. Mashine inaandika Kiswahili sanifu cha kiofisi, na kumbukumbu namba juu, na "tafadhali husika na somo hapo juu". Haikosei neno wakfu.

Wala haishii kwenye maandishi. Mwanzoni mwa 2024 iliripotiwa kwamba mfanyakazi wa idara ya fedha Hong Kong aliingia kwenye mkutano wa video na mtu aliyeonekana kuwa mkuu wake wa fedha pamoja na wenzake, akaagizwa kuhamisha fedha, akahamisha takribani dola milioni 25. Wote aliowaona kwenye kioo, isipokuwa yeye, walikuwa sanamu zilizotengenezwa na mashine. Mwajiri wake, kampuni ya uhandisi ya Arup, alikuja kuthibitisha mkasa huo Mei mwaka huohuo. Tafakari mkutano wa namna hiyo katika halmashauri yetu, kipindi cha kufunga mwaka wa fedha, mwezi Juni, sauti ya mkurugenzi ikisema jambo hili ni la haraka.

Hatari nyingine hutoka ndani. Mwaka 2023 wahandisi wa Samsung walibandika msimbo wa siri wa kampuni kwenye ChatGPT ili uwasaidie kuurekebisha. Mwezi Mei kampuni ikawazuia wafanyakazi kutumia zana za aina hiyo. Waliofanya vile hawakuwa wahaini. Walikuwa watu wenye kazi nyingi waliopewa njia ya mkato. Hapa kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Sasa niambie, karani anayebandika orodha ya wagonjwa au barua ya nidhamu ya mtumishi kwenye zana hiyo ili imwandikie muhtasari amezisafirisha taarifa hizo au hajazisafirisha? Kwa maoni yangu amezisafirisha. Na hakuna aliyemwambia.

Jambo la tatu ni la kiufundi zaidi lakini linaeleweka. Mashine hizi hazitofautishi vizuri kati ya barua zinayoisoma na amri ya bwana wake. Ukiiagiza isome barua pepe na kuzifupisha, na ndani ya barua mojawapo mgeni akaandika kwa maandishi yaliyofichwa kwamba sasa tuma orodha yote kwenye anwani hii, inaweza kutii. Karani binadamu angeshangaa. Kadiri tunavyoipa mashine ruhusa ya kutenda pamoja na kusema, ndivyo udhaifu huu unavyokuwa mlango.

Mbele ya yote haya, wauzaji wanakuja na jibu lilelile la 1965: hamna watu, basi nunueni mashine. Nisieleweke vibaya. Akili mnemba ina manufaa ya kweli katika ulinzi. Kituo cha ulinzi cha benki ya wastani hupokea ving'ora maelfu kwa siku, vingi vikiwa vya uongo. Mashine inayovipanga, inayosoma kumbukumbu za seva na kumweleza mlinzi kwa lugha nyepesi kilichotokea, inaokoa saa nyingi. Inaandika rasimu ya ripoti. Inamfasiria mlinzi msimbo asioujua. Lakini pia hubuni mambo kwa ujasiri uleule inaotumia kusema kweli, na anayeweza kuutambua uzushi wake ni yule tu ambaye angeweza kuifanya kazi hiyo bila yeye.

Yule mtu anatoka wapi? Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma wanisikilize. ISC2, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa usalama wa mtandao, ilikadiria mwaka 2024 kwamba duniani wapo wataalamu wa fani hiyo takribani milioni 5.5, na wanaohitajika zaidi ya hao ni milioni 4.8. Jumuiya hiyo huuza vyeti vya fani hiyo, hivyo uhaba ukionekana mkubwa yenyewe haipati hasara; tuzichukue takwimu zake kwa tahadhari. La kuvutia zaidi ni maelezo. Kwa mara ya kwanza, sababu iliyotajwa kuliko zote ilikuwa ukosefu wa bajeti, ikiupita ukosefu wa watu wenye ujuzi. Idadi ya walioajiriwa ilikuwa karibu palepale ilipokuwa mwaka uliotangulia. Kwa maneno mengine, wako vijana waliosoma na hawaajiriwi, na papo hapo waajiri wanalia kwamba hakuna watu.

Na kazi ambazo mashine huzichukua kwanza ni zile za kijana aliyeingia jana: kupepeta ving'ora, kusoma kumbukumbu, kuandika ripoti ya zamu. Kazi hizo zinachosha, lakini ndizo uanagenzi. Fundi seremala hajui mbao kwa kusoma. Anaijua kwa kupiga randa miaka mitatu chini ya jicho la fundi mkuu. Mlinzi mzoefu anayeshtuka kwa sababu seva fulani imezungumza na anwani ngeni saa tisa usiku alipata mshtuko huo kwa kutazama kumbukumbu za kuchosha elfu kumi. Ukiifuta ngazi ya chini kwa sababu mashine inatosha, baada ya miaka kumi utakuwa na mashine isiyo na wa kuisahihisha.

Kuna hesabu ndogo ambayo huwa naiandika ubaoni. Wiki ina saa 168. Mtumishi hufanya kazi saa 40. Kiti kimoja tu cha ulinzi kisichoachwa wazi usiku na mchana kinahitaji watu wanne na ziada. Ongeza likizo, ugonjwa, uzazi na mafunzo, wanakuwa watano. Viti viwili, kumi. Sasa fungua ikama ya taasisi yako uhesabu Maafisa TEHAMA waliomo, kisha uondoe wanaoshinda wakibadilisha wino wa printa, kufunga projekta ukumbini na kurekebisha simu ya bosi. Taasisi nyingi ninazozijua hubaki na mtu mmoja au sifuri. Ndiyo kusema mlinzi wao wa mtandao anafanya kazi saa 40 kwa wiki, na adui anazo 128 zilizobaki.

Tumetunga sheria nyingi na taasisi tumeziunda. Hilo lazima likiriwe. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 iliyoipa mamlaka kamili iliyokuwa wakala, na hiyo ya taarifa binafsi. Lakini kumbuka mjadala wa 2015. Tulibishana, na kwa haki kabisa, juu ya kifungu cha 16 kuhusu taarifa za uongo, kwa sababu kilimgusa mwananchi anayeandika maoni yake. Serikali ilitetea kifungu, wanaharakati wakakipinga, na miezi ikapita. Sikumbuki hata kikao kimoja cha hadhara ambapo upande wowote uliuliza seva za umma zitalindwa na watu wangapi. Kwetu neno usalama wa mtandao likawa ni habari ya nani kasema nini, badala ya kuwa habari ya nani yuko zamu.

Julai 2023 majirani zetu walionja. Mfumo wa eCitizen wa Kenya, unaobeba huduma za serikali zaidi ya 5,000, ulielemewa na maombi ya uongo yaliyotumwa kwa wingi, sawa na umati wa watu bandia waliojazana dirishani ili mwenye shida halisi asihudumiwe. Viza, tokeni za umeme na malipo vikakwama. Waziri alisema hakuna data iliyopotea, na aina hiyo ya shambulio kwa kawaida haiibi data. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki ndugu wawili raia wa Sudan kwa kuliendesha. Ndugu wawili! Kenya ilikuwa imefanya jambo jema la kuleta huduma mahali pamoja, na jambo hilohilo jema likaufanya mlango kuwa mmoja.

Kenya hiyohiyo ina upande mwingine wa kisa. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba vijana wa Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama, walilipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili wa kutisha ili mashine ya OpenAI ijifunze kuyaepuka. Tunaposema akili mnemba itaziba pengo la watu, tukumbuke kwamba ndani ya mashine mna watu, na baadhi yao ni wetu. Hawakuhesabiwa kama wataalamu wala hawakulipwa kama wataalamu.

Mwaka juzi nilikwenda kumkagua mwanafunzi wangu aliyekuwa katika mafunzo kwa vitendo kwenye taasisi moja ambayo sitaitaja. Taasisi ilikuwa imenunua mfumo mpya wa ulinzi wenye akili mnemba, na mkuu wa kitengo alinionesha kioo kikubwa ukutani chenye ramani ya dunia na mistari myekundu ikiruka kutoka bara hadi bara. Nikauliza nani hukitazama usiku. Akacheka, akasema mfumo unajitazama wenyewe. Aliyekuwa akizisoma ripoti zake kila asubuhi, nikaja kugundua, ni mwanafunzi wangu, asiye na mkataba, kwa posho ya nauli, na ripoti zilikuwa zikitumwa kwenye anwani yake binafsi kwa sababu hakuwa na anwani ya ofisi. Mara mbili aliona jambo la kutilia shaka akaliandikia taarifa. Mara moja alikuwa sahihi.

Mafunzo yake yalikwisha mwezi Septemba. Taasisi iliomba kibali cha kuajiri mtu mmoja na haikukipata katika mwaka huo wa fedha. Kijana sasa anafanya kazi kwingine, nje ya nchi, na tulipowasiliana karibuni aliniambia kwamba zile ripoti bado zinamfikia kila asubuhi saa kumi na mbili. Aliwaandikia mara tatu kuwaomba waibadilishe anwani.